Sahani ya Hamdu

Ninaandika haya nisije nikayasahau, na pia kwa sababu viongozi wetu ni wanyenyekevu mno, hawapendi kutangaza mema yao wenyewe. Nchi sitaitaja jina. Anayeishi humo anaijua, na asiyeishi humo ashukuru.

Mambo yalianza na mabati. Ghala Kuu la Taifa, ambamo mahindi yetu yote huhifadhiwa, lilikuwa na paa zuri jipya. Msimu mmoja Waziri wa Maghala, Mheshimiwa Dokta Mwinyikombo, akagundua kwamba mahindi yanakosa hewa. Akaamuru paa liezuliwe ili yapumue. Mabati yenyewe yakapelekwa kupumzika juu ya nyumba zake za kupangisha, na huko yapo hadi leo, yana afya njema. Mvua ikanyesha. Mahindi yakapumua sana. Yakaota ukungu wa kijani uliochanganyika na weusi, ukanuka kama sanduku la nguo lililofungwa miaka.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba mahindi yameoza. Waziri akaenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "huo mnaouita ukungu ni ukomavu. Mataifa mengine mahindi yao hukomaa mara moja tu, shambani. Yetu yamekomaa na ghalani pia! Adui anaona wivu."

Yakasagwa, tukauziwa, tukala.

Mume wangu Hamdu alikuwa kuli pale ghalani, na sehemu ya ujira wake ilikuwa unga. Alikuwa mtu wa mwili, gunia analiweka bega moja huku anapiga mluzi, na akikaa mbele ya ugali ni furaha kumtazama. Tonge lake moja lingemtosha mtu mwingine kwa chakula cha mchana. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepata ukomavu mwingi kuliko sisi wote.

"Wewe, hebu nitazame," mama yake, Bi Siwema, alimwambia asubuhi moja. "Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu, mama."

"Mbona macho kama kiini cha yai?"

"Labda uzee."

"Uzee ninao mimi na macho yangu meupe. Usiniibie."

Hamdu akacheka, akaenda kazini. Wiki ile hakupiga mluzi.

*

Hakuwa peke yake. Watu wa ghalani, wa sokoni, walimu wa shule, wote walianza kuwa manjano machoni, kisha viganjani, kisha matumbo yakajaa maji na miguu ikabaki vijiti. Serikali haikulala. Mheshimiwa Mlezi Mkuu, kiongozi wetu, aliunda wizara mpya mara moja, Wizara ya Maini na Nyongo, na akamteua Dokta Mwinyikombo aiongoze. Alieleza kwamba hakuna mtu nchini aliyelijua tatizo hilo tangu likiwa changa kama yeye.

Waziri mpya alianza kazi kwa kututoa hofu. Alituonyesha bendera ya taifa. Alituuliza ule mstari wa katikati ni rangi gani.

"Manjano!" tukajibu.

"Wengine huishia kuipeperusha bendera," akasema, na sauti ikamkatika kwa uchungu wa uzalendo. "Lakini hawa wenzetu wameiingiza mwilini!"

Toka siku hiyo kuwa manjano ikawa heshima, na nishani ikatengenezwa, iitwayo Dhahabu ya Taifa. Hamdu alikuwa kati ya wa kwanza kuvishwa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa mkubwa na rangi ilionekana kwa mbali. Walimpiga picha amesimama wima, ameshikiliwa kwa nyuma na watu wawili wasioonekana, wakaibandika kila ukuta. Zahanati zikakatazwa kuwatibu wenye nishani. Mganga aliyejaribu alishtakiwa kwa kosa la kuchujisha bendera.

Nyumbani Hamdu aliivua ile nishani, akaiweka juu ya kabati.

"Nzito," akasema. Mtu aliyekuwa anabeba gunia kwa bega moja.

*

Katika nchi yetu kuna gugu liitwalo mbuzihataki. Huota popote pasipopendwa, nyuma ya vyoo na kando ya mitaro, na lina uchungu kiasi kwamba hata mbuzi hulinusa akaondoka. Bibi zetu walilichemsha pamoja na mboga, na watoto tulilitema.

Mtafiti mmoja wa chuo, Bi Yusta Nambole, aliona kwamba panya wa jikoni kwake hawakufa ingawa walikula unga ule ule. Alipochunguza akakuta wanatafuna mbuzihataki lililoota ukutani. Akachukua panya wengine, akawagawa. Waliokula unga peke yake walikuwa manjano, wakafa. Waliokula unga na jani wakanenepa, wakaanza kuwauma watafiti. Bi Yusta akaenda redioni kabla mtu hajamwahi.

"Sumu ya ukungu ikifika kwenye ini hurusha cheche, na cheche hizo hulichoma ini kidogo kidogo," alieleza. "Jani hili lina kitu kinachozizima cheche hizo kabla hazijashika. Lakini lazima uanze mapema, ukiwa mzima, na ule kila siku. Ini likishaungua lote, jani haliwezi kulirudisha. Na jambo la kwanza kabisa, unga ule utupwe."

Hapo matangazo yakakatika, ukapigwa muziki wa bendi ya magereza.

Baraza la Mawaziri likakaa. Panya waliokufa walitunukiwa Dhahabu ya Taifa, daraja la pili. Bi Yusta alipandishwa cheo, akapelekwa kwenye ubalozi wetu katika nchi ya barafu, akachunguze maini ya samaki. Na mbuzihataki likatangazwa kuwa Mali ya Taifa, kwa ajili ya maini ya viongozi tu.

Kuna waliouliza, kama unga hauna sumu, viongozi wanajikinga na nini? Waziri alilijibu swali hilo kwa upole, na waliouliza hatukuwaona tena. Alisema kwamba kiongozi hachomwi na unga, anachomwa na mawazo ya kuwafikiria wananchi, na mawazo yote huishia kwenye ini.

Kwangu mbuzihataki lilikuwa limeota nyuma ya choo, kichaka kizima. Akaletwa mwanajeshi kulilinda, Koplo Machumu, mtu wa makamo mwenye masharubu na adabu zake. Akaweka kigoda pale, bunduki mapajani.

"Shemeji," akaniambia siku ya kwanza, "ukija chooni uwe unapiga hodi."

"Choo changu mwenyewe?"

"Choo chako. Lakini ukitokea ghafla nitadhani umekuja kuiba, na mimi nimeapishwa."

"Koplo, mume wangu anaumwa. Nipe kiganja kimoja tu."

Akatazama masharubu yake, kama mtu anaweza kuyatazama masharubu yake. "Kila jioni anakuja afisa na picha ya jana, anafananisha na kichaka cha leo. Mtaa wa pili pale lilipungua tawi moja, mlinzi hatujui alipo. Nina wake wawili, shemeji."

Bi Siwema aliyasikia hayo kutoka chooni. "Na wote wawili," akasema kwa ndani, "wangekuwa na bahati ukipotea."

*

Nikaenda wizarani. Nilipokelewa haraka kwa kuwa nilikuwa mke wa picha. Dokta Mwinyikombo alikuwa ofisini, mbele yake bilauri ya maji ya kijani, mazito. Alikunywa funda, akakunja uso, akatabasamu.

"Ala, mke wa Dhahabu! Nikusaidie nini, mama?"

"Mheshimiwa, naomba majani kidogo. Ya nyuma ya choo changu."

"Mama, kanuni ni nyepesi sana, niliiandika mwenyewe. Ini zima halihitaji kinga, maana ni zima. Ini bovu limeshachelewa, maana ni bovu. Sasa la mumeo ni lipi?"

"Ni bovu, Mheshimiwa."

"Basi umechelewa. Pole."

"Na langu mimi?"

"Linakuuma?"

"Haliniumi."

"Basi ni zima. Hongera!" Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa laini, na weupe wa macho yake ulikuwa kama maziwa.

Nilipofika nyumbani nilikuta lori. Mbuzihataki lote la mtaa lilikuwa linang'olewa, kwa kuwa shemeji yake Waziri alikuwa amefungua kiwanda cha kulisaga na kulitia kwenye makopo, jina lake Kinga ya Wakubwa. Koplo Machumu alipanda lori hilo na kigoda chake. Alikuwa amehamishiwa lango la kiwanda.

Hamdu alikufa Ijumaa mchana, wakati wa kula. Kabla ya hapo aliomba ugali. Ndani hakukuwa na unga mwingine ila ule ule. Nikakaa na mwiko mkononi, sikujua nipike au nisipike. Nilipogeuka kumuuliza, hakuwa na haja tena.

*

Sasa lazima niieleze desturi yetu, kwa faida ya wageni. Siku ya kuanua matanga hupikwa sahani ya marehemu, kwa chakula alichokiacha ndani mwake. Anayeipika huonja tonge la kwanza mbele ya watu. Kisha kila aliyesimama kumsema marehemu, kwa mazuri au kwa mabaya, lazima aile. Anayemsema maiti halafu akaisukuma sahani yake, huyo ndiye aliyemuua. Hapewi mkono, hauziwi chumvi. Mlezi Mkuu aliyetangulia aliwahi kuisukuma sahani ya mvuvi mmoja kwa sababu dagaa walikuwa na mchanga. Watu walimgeuzia migongo, walinzi wake nao wakamgeuzia, na huyu wa sasa ndivyo alivyopata kiti. Kwa hiyo hakuna anayeiheshimu desturi hiyo kama yeye.

Na hakuna kitu wakubwa wetu wanachokipenda kama kusema kwenye msiba.

Siku ya pili ya matanga alikuja Koplo Machumu, kofia mkononi. Akakaa mkekani karibu na mlango, akalia kidogo, kweli kweli. Kisha akaniinamia.

"Shemeji, nikwambie kitu. Yale majani hayaingii kwenye makopo. Yanaenda uwanja wa ndege. Yanauzwa nje."

"Makopo yana nini basi?"

"Pumba. Pumba za mpunga, rangi ya kijani, na shubiri ya kuleta uchungu. Wakubwa wanakunywa hayo. Hata shemeji mtu anamuuzia Waziri hayo hayo." Akapangusa pua. "Nimeona nikwambie tu. Sijui kwa nini."

Mimi nilijua kwa nini. Wakati ule ule nikajua pia ninachokitaka hapa duniani. Nilitaka wakubwa wetu nao wale. Sikutaka watukanwe, wala wafukuzwe, wala wapigwe mawe. Nilitaka wakae chini, wanawe mikono, wale unga ule aliokula Hamdu, kwa kiasi alichokula Hamdu.

Nikaenda chooni ili nilie peke yangu. Pale kichaka kilipong'olewa mizizi ilikuwa imebaki, mvua imeipiga, na majani mapya yalikuwa yamechipua, madogo, yanang'aa. Nikachuma moja. Nikalitafuna mpaka machozi yakabadilika sababu.

*

Siku ya kuanua matanga walikuja wote, Mlezi Mkuu na Baraza lake zima, na bendi ya magereza. Walisema tangu asubuhi. Mlezi Mkuu alimwita Hamdu nguzo, Waziri wa Ulinzi akamwita ngao, Waziri wa Uvuvi, ambaye hakuwa na la kusema, akamwita papa. Dokta Mwinyikombo alisema mwisho.

"Hamdu hakufa!" alipaza sauti. "Hamdu amekomaa!"

Bi Siwema aliniminya goti. "Pakua," akasema.

Nikaleta sahani. Ugali ulikuwa wa kijivu, na harufu yake ikawafanya watu wa mstari wa mbele warudishe shingo nyuma. Nikatangaza kama desturi inavyotaka kwamba hiki ndicho alichokiacha. Nikakata tonge, nikala. Kisha nikamsogezea Mlezi Mkuu.

Mawaziri wakamtazama Dokta Mwinyikombo.

"Mbona mnatazamana, wanangu?" Bi Siwema akauliza kwa sauti tamu. "Au unga wa serikali una kasoro? Semeni, mimi mzee, nifahamishwe. Au mmesikia dagaa wana mchanga?"

Mlezi Mkuu aliposikia neno dagaa akatoa mkono kwenye mfuko. Lakini Waziri alikuwa mwerevu kuliko wote. Akatoa kopo la Kinga ya Wakubwa, akachota kijiko, akameza, akawapitishia wenzake. Akawageukia wananchi.

"Nani amesema unga huu una shida? Nitazameni!" Akala tonge, akala la pili. "Mtamu! Wallahi ugali huu una historia!"

Wakala wote. Mlezi Mkuu, kwa kuwa kamera zilikuwepo, aliomba aongezwe. Shangwe zilizopigwa zikamlewesha, akasimama, akatangaza kwamba kuanzia kesho hadi arobaini ya Hamdu, Baraza zima litakula ugali huu huu Ikulu kila mchana, kutoka Ghala Kuu, mbele ya kamera, ili adui afe kwa wivu. Na mpishi awe mjane wa Dhahabu.

Niliinamisha kichwa. Walidhani ninalia.

*

Nikawapikia. Sijawahi kupika kwa moyo kama nilivyopika siku zile. Niliusonga ule ugali mpaka mikono ikaniuma, nikautoa laini, usio na madonge, kama ambavyo Hamdu aliupenda. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya choo, nikatafuna jani. Kila mchana nilikata tonge la kwanza mbele yao, nikala, nao wakayatazama macho yangu. Yakiwa meupe, waliguna kwa kuridhika, wakanywa pumba zao, wakaanza.

Wa kwanza kugeuka alikuwa Waziri wa Ulinzi. Wenzake walimwona, wakasimama, wakampigia makofi, wangefanya nini? Akavishwa nishani. Akafuata wa Uvuvi. Daktari wa Ikulu alipoitwa alikumbusha kwa heshima zote kwamba sheria inamkataza kuchujisha bendera, na kwamba mmoja wa walioitia sahihi sheria hiyo amelala palepale kitandani. Mlezi Mkuu mwenyewe alipoanza kuwa manjano, nchi ikapewa mapumziko. Picha ya Hamdu ikabanduliwa kila ukuta, ikabandikwa yake, ameshikiliwa kwa nyuma na watu wawili wasioonekana.

Wangeweza kuacha kula. Lakini anayeisukuma sahani mnajua ataitwaje, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na naibu wake amekaa, anamtazama mkono.

Zikabaki siku chache kufika arobaini. Jioni moja, nikiwa nyuma ya choo, nikasikia kishindo cha fimbo. Dokta Mwinyikombo alikuwa ameingia uani peke yake, bila king'ora. Suti ilimpwaya mabegani na kumbana tumboni. Macho yake yalikuwa kama kiini cha yai.

"Mheshimiwa," nikasema, "hapa watu hupiga hodi."

Akagonga fimbo chini. "Hodi."

"Karibu."

"Wewe unakula unga ule ule," akasema. "Kila siku unakula. Macho yako meupe." Kisha akakiona kichaka. Kilikuwa kimefika kiunoni. Aliweka mkono ukutani. "Ya kopo hayafanyi kazi. Shemeji yangu amekimbia nchi. Mama, nakuomba. Kiganja kimoja tu."

"Mheshimiwa, kuna kanuni, na ni nyepesi sana. Ini zima halihitaji kinga, maana ni zima. Ini bovu limeshachelewa, maana ni bovu. Sasa lako ni lipi?"

Ni mtu aliyesoma. Alitafuta mlango kwenye sentensi ile, na hakuuweka alipoiandika.

"Mama, nina watoto."

"Hamdu hakujaliwa. Alisema tutawapata akipumzika kubeba magunia."

Nikainama, nikachuma kiganja kizima, majani mabichi, makubwa. Mkono wake ukaja mbele wenyewe. Nikampita. Mbuzi wa Bi Siwema alikuwa amefungwa pale kwenye nguzo. Nikamwekea majani puani. Mbuzi akanusa, akapiga chafya, akageuza kichwa.

"Umeona?" nikamwambia Waziri. "Hata yeye hataki."

Nikayatupa kwenye shimo la choo. Tulisikia yalipofika.

Alianza kulia, na Bi Siwema akachungulia kutoka jikoni kuuliza ni nani huyo analia uani kwetu wakati matanga yameshaanuliwa.

"Ni mgeni, mama," nikamjibu. "Amepitwa na chakula cha mchana."

Na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, na mgeni harudi na njaa, nikatandika mkeka, nikaleta maji ya kunawa, nikaleta sahani. Nikakata tonge la kwanza, nikala. Kisha nikamsogezea.